Msumeno wa Mtumba: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kutoa Fedha

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya wakulima wa miti na wauza kuni, Mafinga, Wilaya ya Mufindi)

 

Tumekuja kuzungumza juu ya kifaa kimoja tu: msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, ambao wengi wenu mnauita chensoo. Katika wilaya hii ya misindano na milingoti, chombo hiki si anasa. Gogo ambalo watu wawili hulikata kwa msumeno wa mkono kwa muda mrefu, chenyewe hulimaliza kwa dakika chache. Lakini kipya ni ghali, na ndiyo maana wengi hununua kilichokwisha kutumika. Hatukuja kuwakataza. Msumeno wa mtumba uliotunzwa vizuri unaweza kumtumikia mwenye nao miaka mingi. Tumekuja kuwaonyesha jinsi ya kuutambua huo, na jinsi ya kuukwepa ule mwingine.

Kisa kilichotuleta

Kikundi kimoja cha akina mama kilitufikia ofisini na msumeno ndani ya mfuko wa sandarusi. Walikuwa wamekopa fedha katika kikundi chao cha kuweka na kukopa ili wakate kuni katika shamba lao la milingoti na kuziuza. Waliununua kwa muuzaji wa barabarani, aliyewaambia kwamba umetumika kidogo tu huko Ulaya. Rangi yake iling'aa. Uliwaka mara ya kwanza ulipovutwa. Wiki ya tatu ulizimika katikati ya gogo na haukuwaka tena.

Fundi alipoufungua alikuta pistoni imechimbika mistari kutoka juu hadi chini. Si uharibifu wa wiki tatu. Ulikuwapo tangu siku ya mauzo, umefichwa na rangi mpya. Tulimwita muuzaji. Alisema hajawahi kuwaona akina mama hao maishani mwake. Hawakuwa na risiti, wala hati, wala shahidi asiye mwanakikundi. Namba ya simu waliyopewa ilikuwa imezimwa. Tuliwapa jibu ambalo hatukupenda kulitoa, nao wakaendelea kurejesha mkopo wa chombo kisichofanya kazi.

Kabla ya kuondoka, mwenyekiti wao alituuliza: "Kama ubovu huo ungeonekana kwa kufungua eksozi tu, mbona hakuna aliyetuambia?" Hatukuwa na jibu. Mazungumzo haya ndiyo jibu letu lililochelewa.

Kwanza, fanyeni hesabu

Kabla hamjatoka nyumbani, jueni bei ya msumeno mpya wa aina na ukubwa uleule. Bila bei hiyo, neno "rahisi" halina maana. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme mpya ni shilingi 1,200,000, na wa mtumba unatajwa kwa 500,000. Mnaona mmeokoa 700,000. Sasa tuseme unahitaji pistoni na silinda kwa 250,000, mnyororo na bapa kwa 120,000, na ufundi 60,000. Jumla imefika 930,000. Mmeokoa 270,000, na mkononi mna mashine ya zamani isiyo na dhamana.

Kwa hiyo bei ya msumeno wa mtumba ni ile anayotaja muuzaji pamoja na gharama ya kuurudisha kazini. Ulizeni pia jambo la pili: je, vipuri vya aina hiyo vinapatikana karibu? Mashine nzuri isiyo na vipuri hugeuka chuma chakavu siku inapoharibika.

Pili, ukagueni ukiwa baridi

Mwambieni muuzaji asiuwashe kabla hamjafika. Mkifika, wekeni mkono karibu na eksozi, na mkihisi joto mfahamu kwamba umeshawashwa. Injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi, na wapo wanaouwasha mapema ili mteja asione shida hiyo. Rudini baadaye, au mwende kwa mwingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Msumeno ukiwa umezimwa, anzeni na mambo haya.

Angalieni mwili wake. Rangi mpya juu ya chombo cha zamani si kosa, lakini ni sababu ya kuuliza. Tafuteni nyufa, hasa pale mpini unapoungana na mwili na pale bapa linapofungwa. Bapa ni kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka. Angalieni vichwa vya skrubu: vikiwa vimelika, mashine imefunguliwa mara nyingi na watu wasio na zana sahihi.

Pimeni mgandamizo wa injini, ambao mafundi huuita kompresheni. Swichi ikiwa imezimwa, uinueni msumeno kwa kushika kishikio cha kamba ya kuwashia peke yake, uning'inie. Injini yenye nguvu hushusha uzito huo polepole, kwa kusitasita. Ukishuka moja kwa moja kama ndoo iliyokatika kamba, pistoni au ringi zimelika. Kama mashine ina kitufe cha kupunguza mgandamizo, hakikisheni hakijabonyezwa, la sivyo kipimo kitawadanganya. Fundi mwenye geji atawapa tarakimu: injini nzima kwa kawaida husoma paundi 150 hivi au zaidi kwa inchi ya mraba, ikishuka chini ya 120, imechoka.

Kisha ombeni eksozi ifunguliwe. Katika misumeno mingi hufungwa kwa skrubu au nati chache tu, na kazi yote haizidi dakika kumi. Nyuma yake mtaona tundu, na ndani ya tundu mtaona ubavu wa pistoni. Vuteni kamba polepole ili pistoni ipande na kushuka, mkimulika kwa tochi ya simu. Ubavu laini, wenye alama hafifu za kazi, ni mzuri. Mistari iliyochimbika wima ni dalili kwamba injini ilikosa oili au ilipata petroli kidogo kuliko hewa, ikashika moto na kukwaruzana. Msumeno huo msiununue, isipokuwa kwa bei ya vipuri vyake.

Muuzaji akikataa kufungua eksozi, msigombane naye. Mwageni kwa adabu. Kukataa kwake kumewapa taarifa mliyoitafuta.

Fungueni pia plagi. Rangi ya kahawia hafifu kwenye ncha yake ni dalili njema. Nyeupe huashiria kwamba injini inapata hewa nyingi kupita kiasi. Nyeusi yenye unyevu huashiria oili nyingi, mafuta mengi, au chujio la hewa lililoziba.

Tatu, uwasheni, na uukatieni gogo

Uwasheni ukiwa chini, mguu ukiwa umekanyaga ndani ya mpini wa nyuma, kamwe si kwa kuurusha hewani. Ukishawaka, uacheni ungurume taratibu bila kubonyeza mafuta. Mnyororo haupaswi kuzunguka. Ukizunguka, huenda mwendo umewekwa juu mno, au springi za klachi zimechoka. La kwanza hurekebishwa kwa skrubu. La pili linahitaji kipuri.

Sikilizeni mlio. Injini inayopanda na kushuka yenyewe bila kuguswa huenda inavuta hewa mahali isipostahili, kwenye mpira wa kabureta au kwenye sili za mhimili. Kasoro hiyo isipotibiwa huishia kuikwaruza pistoni.

Jaribuni breki ya mnyororo. Ongezeni mafuta kwa kitambo kifupi, kisha sukumeni mbele kinga ya mkono. Mnyororo lazima usimame papo hapo. Breki isiyofanya kazi si jambo la kupunguziwa bei na kuondoka. Ni jambo la kutengenezwa kabla ya kukata hata kijiti kimoja.

Jaribuni oili ya mnyororo. Elekezeni ncha ya bapa juu ya ubao mkavu au gazeti, bila kugusa, kisha ongezeni mafuta. Mstari mwembamba wa oili lazima uonekane. Usipoonekana, njia ya oili imeziba au pampu imekufa.

Mwisho, ukatieni gogo halisi. Msumeno mkali hutema vipande. Msumeno butu hutema unga. Ukikata kwa kupinda upande mmoja, meno ya upande mmoja yamelika kuliko ya upande wa pili, au kingo za bapa zimepishana. Baada ya dakika kumi za kazi, uzimeni, subirini kidogo, kisha uwasheni tena. Injini nyingine zilizochoka huwaka vema zikiwa baridi na kugoma zikiwa za moto. Jaribio hili moja lingewaokoa akina mama tuliowataja.

Nne, jueni mnachouziwa ni nini

Katika soko letu wapo wanaouza bidhaa bandia kwa majina ya watengenezaji mashuhuri kama vile Stihl wa Ujerumani na Husqvarna wa Sweden. Soma jina herufi kwa herufi. Tafuta namba ya utambulisho wa mashine kwenye mwili wake, na uone kama imekwanguliwa, au kama hapo mahali pake pamebandikwa karatasi tu. Linganisha ubora wa plastiki na chuma na mashine ambayo mna hakika nayo.

Kuna pia misumeno iliyounganishwa: mwili wa mashine moja, silinda ya nyingine, kabureta ya tatu. Hilo lenyewe si udanganyifu. Fundi mwaminifu anaweza kuunda mashine nzuri kwa njia hiyo. Udanganyifu ni kuiuza kana kwamba ni ya asili. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa zenye alama za kughushi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Namba iliyokwanguliwa ina hatari nyingine: huenda mashine imeibwa. Mwizi hawezi kuwapa umiliki asiokuwa nao. Mwenye mali akijitokeza, mnaweza kupoteza chombo na fedha, na kuingia katika maswali ya polisi.

Tano, andikianeni

Mali bila daftari huisha bila habari. Mkinunua dukani, daini risiti ya mashine ya kielektroniki. Mkinunua kwa mtu binafsi, andikeni hati fupi ya mauziano yenye majina kamili ya pande zote mbili, namba za vitambulisho, tarehe, bei, aina ya msumeno na namba yake ya utambulisho, na saini za mashahidi. Ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa ni mahali pazuri pa kutia saini hizo. Pigeni picha ya msumeno pamoja na hati.

Ongezeni sentensi moja ambayo wengi huisahau: maelezo aliyoyatoa muuzaji. Andikeni, kwa mfano, "Pistoni na silinda ni za asili, hazijawahi kubadilishwa," au "Breki ya mnyororo inafanya kazi." Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Maneno ya mdomo hupeperuka. Maelezo yaliyoandikwa ni ushahidi. Mkiweza, kubalianeni pia juu ya siku kadhaa za majaribio, na mziandike.

Sita, kuutengeneza

Msumeno uliopumzika muda mrefu huwa na maradhi yanayojulikana, na mengi si ya kutisha. Petroli ya zamani huacha utando kwenye kabureta, na viwambo vyake vyembamba vya mpira hukakamaa. Mwageni mafuta yote ya zamani, badilisheni chujio la mafuta lililo ndani ya tangi, kagueni mpira wa mafuta kama una nyufa, kisha mwambieni fundi asafishe kabureta na kuweka viwambo vipya. Safisheni chujio la hewa, wekeni plagi mpya yenye mwanya wa nusu milimita, na ondoeni machicha ya oili na unga wa mti kwenye mapezi ya silinda ili injini ipoe.

Mafuta ya injini hii huchanganywa. Watengenezaji wengi wa kisasa huelekeza sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili nzuri ya injini za mipigo miwili: yaani mililita 20 kwa lita moja, au mililita 100 kwa lita tano. Mashine nyingine, hasa za zamani, huhitaji oili zaidi. Fuateni kitabu cha mashine yenu. Pimeni kwa chombo chenye alama, msikadirie kwa kifuniko cha chupa. Changanyeni kiasi cha kutumia ndani ya mwezi mmoja. Petroli tupu huua injini hii kwa muda mfupi sana.

Mnyororo hunolewa kwa tupa ya mviringo ya kipimo chake: milimita 4.0, 4.8, 5.2 au 5.5, kulingana na aina ya mnyororo. Noeni kila jino kwa pembe ileile na idadi ileile ya misukumo, kutoka ndani kwenda nje. Jino lililobaki milimita 4 au pungufu limefika mwisho wake. Geuzeni bapa juu chini kila mnapobadilisha au kunoa mnyororo, ili kingo zake zilike sawasawa. Msimimine oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Hudhuru pampu, huchafua udongo, na ni sumu kwa ngozi ya mtumiaji.

Tunawatahadharisha juu ya ombi moja ambalo wateja huwapelekea mafundi: "Nikazie skrubu uende kasi." Kukaza skrubu ya kabureta hupunguza petroli, na petroli ndiyo inayobeba oili. Mlio unakuwa mkali na wa kupendeza, huku pistoni ikiungua. Tunaamini mistari mingi tunayoiona kwenye pistoni ilianza kwa furaha ya namna hiyo.

Saba, uhai wenu

Msumeno wa mtumba mara nyingi hufika bila kitabu na bila vifaa vya kinga, lakini hatari yake ni ileile. Msikate kwa sehemu ya juu ya ncha ya bapa. Ikigusa kitu kigumu, msumeno huruka nyuma kuelekea usoni kwa kasi isiyozuilika kwa mikono. Shikeni kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa vimezunguka mipini. Msikate juu ya usawa wa mabega. Vaeni kofia ngumu, miwani, viatu imara na viziba masikio, kwa kuwa mlio wake huzidi desibeli 100 na uziwi huja bila maumivu. Ikiwezekana, vaeni suruali maalumu ya kukatia. Jazeni mafuta injini ikiwa imepoa, mbali na moto wa jikoni na sigara, na sogeeni angalau mita tatu kabla ya kuwasha. Mtoto asiwe karibu.

Na kabla ya kuingia katika msitu wowote ambao si shamba lenu, nendeni ofisi ya misitu ya wilaya mkaulize juu ya kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao. Kuwa na msumeno si kuwa na ruhusa ya kukata.

Mkidhulumiwa

Msiendelee kuutumia msumeno, wala msiruhusu fundi autengeneze kabla ubovu haujapigwa picha. Mwandikieni muuzaji, mkieleza tatizo na mnachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Hifadhini nakala. Asipojibu, tuleteeni malalamiko pamoja na risiti au hati, picha na maelezo ya fundi. Mkiwa na karatasi hizo tuna pa kuanzia. Mkija mikono mitupu tutawasikiliza kwa heshima, lakini mikono yetu pia itakuwa mitupu.

Ndugu zetu, mwenyekiti wa kikundi kile yupo nasi hapa leo, na ametukubalia tusimulie kisa chao bila kutaja jina. Kikundi kimekwisha kumaliza mkopo ule, na sasa wanadunduliza fedha ya msumeno mwingine. Ametuonyesha alichokiweka kwenye pochi yake kwa ajili ya siku hiyo: bisibisi, tochi, na karatasi mbili tupu za kuandikia mauziano.

Nendeni sokoni mkiwa na vitu hivyo vitatu.  Sasa tunakaribisha maswali.